Sauti ya Tumbo: Kutoka Sikio Hadi Kompyuta

Mtoto akiletwa kliniki anaumwa na tumbo, muuguzi hulisikiliza kwa ile mashine ya masikioni. Je, anatafuta nini? Utumbo una misuli, nayo hujikaza na kulegea ili kusukuma chakula. Tumbo likinyamaza kabisa, au likinguruma kupita kiasi, huenda njia imeziba.

Zamani waganga walitegemea kusikiliza na kupapasa tu. Mwaka 1895 eksirei iligunduliwa Ujerumani. Muda si mrefu Walter Cannon, mwanafunzi wa udaktari huko Marekani, akawalisha paka chakula kilichochanganywa na bismuti, madini yanayoonekana kwenye eksirei. Aliuona mfuko wa chakula ukijisukuma. Aliona pia kwamba paka akisumbuliwa, msukumo ule husimama.

Mwaka 1922 Daktari Walter Alvarez, pia wa Marekani, alieleza jinsi alivyonasa umeme mdogo wa misuli hiyo kutoka juu ya ngozi. Mgonjwa wake alikuwa mama mzee, mwembamba hata mfuko wa chakula ulionekana ukicheza chini ya ngozi. Mashine ilichora mawimbi 3 kwa dakika.

Shida ni kwamba mchoro huo huchanganyika na mapigo ya moyo na pumzi. Kuanzia miaka ya 1970, kompyuta zilisaidia kuuchambua. Kompyuta hutenga mawimbi kwa mwendo wake: mfuko wa chakula mara 3 kwa dakika, mwanzo wa utumbo mwembamba karibu mara 12, moyo mara nyingi zaidi. Ni kama mama aliye katikati ya kelele za soko la Machakos: kilio cha mwanawe hakimpotei.

Kwenye zahanati zetu bado tunatumia mkono, sikio na maelezo yako, mama. Mtoto akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, akitapika matapishi ya kijani, akipata choo chenye damu na kamasi, au tumbo likivimba na hapati choo wala hewa, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kesho. Usimpe dawa ya kuharisha wala mafuta ya mbarika. Mweleze muuguzi ilianza saa ngapi na imerudi mara ngapi. Maelezo hayo ndiyo kipimo cha kwanza.