Kinachoipandisha Mori Ngoma ya Wasukuma

Wengi wanaoieleza bugobogobo, yaani ngoma ya majembe ya Wasukuma iliyotokana na vikundi vya kulimiana mashamba, huuhusisha msisimko wake na kasi ya mapigo, kana kwamba mpigaji akiharakisha mkono basi mchezaji naye hupandwa na mori. Maelezo hayo hayatoshi. Kasi tupu humchosha mchezaji kabla ya kumchangamsha, na isitoshe jembe lenyewe huiwekea mpaka, kwa kuwa likirushwa juu sharti lizunguke na kushuka ndipo lidakwe, na muda huo hakuna ngoma iwezayo kuufupisha. Mpigaji hodari huutii: pigo zito huliweka pale mpini unapotua kiganjani na mguu unapokanyaga ardhi, hata kishindo ambacho mtazamaji hukisikia kwa masikio mchezaji akakipokea kwa mwili mzima. Shambani, mdundo ulikuwa wa kuwawezesha watu kulima pamoja kwa muda mrefu pasipo kuishiwa pumzi, si wa kuwamaliza mara moja.

Hata hivyo, chanzo kikubwa zaidi cha mori kimo nje ya ngoma. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye uhasama wa jadi, hushindana wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kwa kanuni ya asili mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana vikundi hutafuta dawa za mvuto, huleta vinyago na hata nyoka hai, na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, huwakejeli wapinzani waziwazi. Mchezaji anayewaona watazamaji wachache wakigeuza migongo kuelekea upande wa pili hahitaji kuhimizwa na mtu. Katika contra, dansi ya mistari miwili ya New England, Marekani, kila jozi hukutana na jozi nyingine mpya wimbo ukiendelea, na uchangamfu hutoka kwa mtu aliye mbele. Kwa Wasukuma hutoka kwa hasimu aliye ng'ambo ya uwanja, na huo, kwa vyovyote, ni moto mkali zaidi.

Mashindano ya namna hii yangali yakifanyika katika tamasha la Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza. Kwingineko, Shinyanga na hata Geita, ambako Wasukuma wengi walihamia kutafuta ardhi na malisho, kikundi kinachoalikwa kwenye sherehe rasmi hupewa dakika chache, peke yake, kikilielekea jukwaa la wageni. Kwa kukosa mpinzani, hukimbilia kuongeza kasi, na majembe huanza kuanguka. Waandaaji wa sherehe hizo wangefanya vyema kualika vikundi viwili kwa pamoja, wakaviachia uwanja alasiri nzima, na wakawaacha watazamaji watembee watakako.