Mdukuzi
Kudukua, kabla ya kompyuta, kulikuwa kutega sikio kwa siri watu wanapozungumza. Leo mdukuzi ni anayepenya mitambo bila ruhusa. Oktoba 2021 Gavana Mike Parson wa Missouri, Marekani, alimpachika jina hilo, kwa Kiingereza chake, mwandishi wa St. Louis Post-Dispatch na kuapa kumfikisha mahakamani. Mwandishi huyo alipenya wapi? Alibofya tu kuona msimbo wa ukurasa wa serikali, jambo linaloruhusiwa na kivinjari chochote, akakuta namba za hifadhi ya jamii za walimu. Gazeti liliiarifu idara husika, likasubiri ukurasa uondolewe, ndipo likachapisha. Aliyeziacha namba peupe tungemwita mzembe. Februari 2022 mwendesha mashtaka alikataa kufungua kesi.