Fremu na Kundi: Mabadiliko ya Uchapaji wa Fulana katika Ukanda wa Mpaka, kutoka Tunduma hadi Ikinga

Historia ya nguo zenye maandishi katika Afrika Mashariki imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kama historia ya kanga. Hilo halishangazi. Kanga ina pindo, mji na jina. Ina wafanyabiashara wanaojulikana, kama vile Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, liliipa kanga chapa ya “Mali ya Abdulla”. Tena ina wanawake walioitunza sandukuni kwa miongo mingi. Fulana haikupata bahati hiyo. Huvaliwa siku moja ya sherehe, kisha huenda shambani, hufuliwa mpaka maandishi yakabanduka, na mwisho wake ni tambara la kufutia baiskeli. Mtafiti anayeitafuta baada ya miaka ishirini aghalabu hukuta kwamba haipo.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya maneno ya hadhara yanayobebwa mwilini katika miji kama Tunduma imekuwa juu ya fulana: majina ya vyama, kwaya, shule, kampeni za afya na marehemu. Makala haya yanachunguza jinsi uchapaji wa fulana hizo ulivyobadilika. Hoja yangu ni kwamba badiliko lililo kubwa kihistoria halikuwa la ubora wa picha wala wingi wa rangi. Lilikuwa badiliko la idadi ndogo kabisa ya nguo ambayo mtu angeweza kuagiza bila gharama kumzidi. Idadi hiyo nitaiita kima cha kundi. Yenyewe, kuliko kitu kingine chochote katika karakana, ndiyo iliyoamua ni nani anayeweza kuwa na neno la kuvaa.

Eneo la utafiti linaisaidia hoja hii. Ikinga ni kata ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ileje inapakana na Malawi kwa Mto Songwe. Tunduma, mji wa biashara unaopitiwa na barabara kuu na reli ya TAZARA, inatazamana na Nakonde ya Zambia. Kwa hiyo ndani ya eneo dogo zinakutana desturi tatu za kitaifa za nguo zenye picha na maneno, na zote tatu zilianza zikiwa kazi ya viwanda vikubwa.

Nguo ya dola

Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilitoa kanga na vitenge kwa ajili ya nchi nzima. Malawi ilikuwa na David Whitehead and Sons ya Blantyre. Zambia ilikuwa na kiwanda cha Kafue. Ng’ambo ya Mto Songwe, katika utawala wa Kamuzu Banda uliodumu hadi mwaka 1994, wanawake walicheza ngoma mbele ya rais wakiwa wamevaa nguo zenye picha yake. Zambia nayo ilikuwa na vitenge vya chama. Tofauti za kiitikadi kati ya nchi hizi zilikuwa kubwa, lakini hesabu ya kiwandani ilikuwa ile ile. Kuandaa mchoro mmoja, iwe kwa roli za shaba zilizochongwa au kwa skrini za kiwandani, ni gharama inayorudi tu nguo zikichapwa kwa maelfu ya mita. Kijiji cha Ikinga hakingeweza kuagiza kanga yake. Kingeweza kununua ile iliyokwisha kuamuliwa mahali pengine, na katika uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata hiyo haikuwa rahisi kupatikana.

Hii haimaanishi kwamba uchapaji wa mkono haukujulikana. Katika maeneo ya kahawa, na Mbozi na Ileje ni miongoni mwayo, gunia huandikwa kwa bati lililokatwa herufi: bati huwekwa juu ya gunia, rangi hupakwa, herufi hubaki. Anayetazama maandishi hayo kwa makini ataona kwamba herufi O, A na B zimekatika-katika. Sababu ni ya kiufundi na ina uzito katika historia hii. Ukikata duara la O katika bati, kitovu chake kinadondoka. Hivyo fundi hulazimika kuacha viungo vidogo vya kukishikilia.

Skrini iliondoa tatizo hilo. Badala ya bati tupu kuna kitambaa chembamba cha wavu kilichovutwa juu ya fremu ya mbao, na kitovu cha O hukaa juu ya wavu bila kushikiliwa na chochote kingine. Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka 1907. Wakati huo wavu ulikuwa wa hariri, ndiyo maana jina la hariri limebaki katika lugha ya mafundi hata baada ya hariri yenyewe kuondoka na nafasi yake kuchukuliwa na nailoni na poliesta. Baadaye kukata kwa kisu kulipunguzwa na dawa inayogandishwa na mwanga: fremu hupakwa dawa gizani, mchoro mweusi huwekwa juu yake, fremu hutolewa kwenye jua au taa kali, kisha humwagiwa maji. Palipopigwa na mwanga pamekuwa pagumu. Palipofunikwa na mchoro panayeyuka na kuacha njia ya wino.

Tuzingatie vifaa vinavyohitajika: mbao, wavu, dawa, jua, maji, wino, na ubao wenye raba wa kusukumia wino. Umeme haumo katika orodha ya lazima. Ni teknolojia inayoweza kusimama katika chumba kimoja pembeni mwa soko. Kwa Tunduma jua halikuwa tatizo. Maji ndiyo yaliyokuwa tatizo, kwa kuwa mji huo umeishi na uhaba wake kwa miaka mingi, na fremu isiyooshwa vizuri huchapa herufi zenye ukungu.

Fulana tupu na fulana zenye maneno ya wengine

Kilichokosekana hadi katikati ya miaka ya 1980 ni nguo ya kuchapa. Ulegezaji wa masharti ya biashara ulioanza mwaka 1984 uliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na baada yake mitumba ilienea. Pietra Rivoli, katika kitabu chake cha mwaka 2005, aliifuata fulana moja kutoka mashamba ya pamba ya Texas hadi viwanda vya China, dukani Marekani, na hatimaye masoko ya mitumba ya Tanzania. Karen Tranberg Hansen alikuwa amekwisha kuandika kuhusu salaula, jina la mitumba nchini Zambia, mwaka 2000. Kazi zote mbili zinaangalia biashara zaidi kuliko maandishi. Mimi ninapendekeza kwamba mitumba ilikuwa pia shule ya macho. Iliwazoesha watu kuona maneno kifuani, hata pale yalipokuwa maneno ya shule, timu na maduka ambayo mvaaji hakuyajua.

Wakati mwingine hata ukweli haukuwemo. Ligi kuu ya mpira wa Kimarekani huandaa fulana za ubingwa kwa timu zote mbili kabla ya fainali, na zile za timu iliyoshindwa zimekuwa zikitolewa kama msaada nje ya Marekani. Mwaka 2011 Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa kupokea fulana zilizoitangaza Pittsburgh Steelers kuwa bingwa wa fainali iliyoshindwa na Green Bay Packers. Mwanahistoria wa baadaye atakayezichukua kama chanzo cha habari za michezo atapotoka vibaya.

Fulana tupu mpya zilizopitia maduka ya jumla ya Kariakoo ndizo zilizompa mchapaji kazi yake. Hapo ndipo kima cha kundi kinapoonekana waziwazi. Gharama ya kuchapa kwa skrini ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutayarisha fremu: mchoro, dawa, kuanika, kuosha, kurekebisha. Hii ni ile ile uchape fulana moja au mia. Ya pili, ya fulana na wino, hukua kwa kila nguo. Mtu mmoja anayetaka fulana moja analipa gharama yote ya fremu peke yake. Kwaya ya watu thelathini inaigawa mara thelathini. Tena kila rangi inadai fremu yake, na kila fremu ya ziada lazima ikae sawasawa na ya kwanza; kwa hiyo kundi lisilo na fedha huchagua rangi moja. Ule mwonekano tunaouzoea, wa nembo ya rangi moja kifuani na jina la mfadhili mgongoni, si upungufu wa ubunifu. Ni hesabu.

Inaweza kupingwa kwamba bei ya fulana tupu ndiyo iliyokuwa kizuizi kikubwa zaidi, si fremu. Pingamizi hilo lina nguvu kwa kaya maskini, lakini halielezi sura ya oda. Bei ya fulana tupu huathiri ni watu wangapi watakaonunua. Haimlazimishi mtu kuungana na wenzake. Fremu ndiyo inayomlazimisha. Kwa sababu hiyo ninaiona skrini kama teknolojia ya vikundi, na si sadfa kwamba ilistawi katika miongo ambayo vikundi viliongezeka.

Vyama vya siasa vilikuwa vya kwanza kwa uzito. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992 na uchaguzi wake mkuu wa kwanza ukafanyika mwaka 1995. Chama kipya kisicho na historia ya vitenge vya kiwandani kingeweza sasa kuwa na vazi. Mahakama Kuu ilipobatilisha masharti ya takrima mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilipotungwa mwaka 2010, mpaka kati ya fulana kama tangazo na fulana kama hongo ulikuwa tayari suala la kisheria. Mwaka 2015, wakati “Hapa Kazi Tu” ikiwa imeenea vifuani, jimbo la Tunduma lilikwenda kwa CHADEMA. Lakini siasa si mahali pazuri pa kupima karakana za mtaani. Chama kinachohitaji fulana kwa makumi ya maelfu kinarudi kwenye hesabu ya kiwanda, na aghalabu kiwanda hicho kiko nje ya nchi.

Oda ndogo zinatufundisha zaidi: kidato cha nne wanaomaliza, kikundi cha kuweka na kukopa, wafanyakazi wa Mei Mosi, ukoo uliofiwa. Kwa kundi lililo Ikinga, kuchapa fulana ni safari. Mtu mmoja hukabidhiwa fedha na orodha, hushuka hadi barabara ya Isongole kwenda Mpemba, kisha Tunduma, au huenda Mbeya. Orodha hiyo, ya majina, saizi na nani amelipa nini, ni hati ya kihistoria ya thamani ambayo hakuna nyumba ya nyaraka inayoihifadhi. Inaonyesha nani alihesabiwa kuwa mwanakikundi siku hiyo, na nani alikosa fulana kwa sababu ya mchango.

Fulana moja

Baada ya kompyuta na programu za usanifu kuchukua kazi ya kuchora kwa mkono, mabadiliko yaliyofuata yaligusa fremu yenyewe. Njia ya kuhamisha rangi kwa joto ilifaa poliesta yenye rangi nyepesi tu. Iliyovunja kima cha kundi ni ile iliyoenea duniani takriban tangu mwaka 2020: picha huchapwa kwenye filamu, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hubanwa juu ya fulana kwa mashine ya joto. Rangi kumi zina gharama ya rangi moja. Fulana moja inachapwa kwa bei ya kila moja katika fulana ishirini. Mama anaweza kumchapia mwanawe picha ya siku ya kuzaliwa bila kumshirikisha mtu.

Kwa mvaaji huu ni uhuru, na sioni sababu ya kuusikitikia. Kwa fundi ni jambo lingine. Ujuzi wa fremu, yaani kujua uvute wavu kwa nguvu gani, uchague nyuzi 43 kwa sentimita kwa wino mzito au 77 kwa mistari membamba, uanike kwa muda gani siku ya mawingu, hauhitajiki na mwenye mashine. Anachohitaji ni mtaji na umeme usiokatika. Wakati huohuo haki inatudai tuseme kwamba fremu nayo ilikuwa na madhara. Dawa za bei nafuu za kugandishwa na mwanga zimetegemea chumvi za kromiamu, ambazo ni sumu na zinaweza kusababisha saratani, na fundi huziosha kwa mikono mitupu, maji yakienda mtaroni. Hata kubanduka kwa maandishi, ambako wateja hukulaumu kwa wino mbaya, mara nyingi ni suala la joto: wino wa plastiki unahitaji takriban nyuzi 160 za selisiasi ili ushike, na pasi ya nyumbani haifikishi joto hilo kwa usawa.

Fremu haijafa. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 liliifungulia soko ambalo halikutarajiwa, kwa kuwa mifuko mbadala inahitaji jina la duka, kwa rangi moja, kwa mamia. Hiyo ndiyo kazi ambayo skrini bado inaifanya kwa bei isiyopitwa. Fundi aliyejifunza kwa fulana za kwaya anachapa sasa mifuko ya maduka ya viatu.

Kwa mtafiti tatizo la vyanzo ni kubwa katika pande zote mbili. Fremu ni mali ghali, hivyo kazi ikiisha dawa hufutwa, mara nyingi kwa jiki, ili wavu upokee mchoro mwingine. Kinachobaki ni kivuli hafifu cha herufi, na fremu ya zamani inaweza kubeba vivuli vya kazi kadhaa, kimoja juu ya kingine, kikwete chake kikiwa kigumu kusomeka bila mwanga wa nyuma. Mashine mpya haiachi hata kivuli: mchoro hufika kwa simu, huchapwa, na hupotea simu inapobadilishwa. Nyaraka zinazoweza kukusanywa bado zipo, nazo ni fremu ambazo hazijaoshwa, karatasi za michoro zilizoviringishwa juu ya makabati ya karakana, na madaftari ya oda. Karakana zinahama kila kodi inapopanda, na katika kuhama karatasi ndizo zinazotupwa kwanza.