Kamera ya safari: namna ya kuichagua na kuitunza kwa kazi ya Kanisa



Katika makanisa yetu ya Baraka na Fizi, karibu kila safari ya kazi ina mtu aliyepewa jukumu la picha. Iwe ubatizo ziwani, semina ya akina mama huko Mboko, au ziara kwa ndugu zetu wakimbizi wa Burundi pale Lusenda, hakosi kijana mwenye simu au kamera mkononi. Lakini picha nyingi hazifiki nyumbani, na zinazofika hazidumu. Makala hii ni kwa wachungaji, makatibu na vijana wanaobeba kazi hiyo.

Tunaiandika kama watu waliokosea. Miaka michache iliyopita tulivuka ziwa kutoka Ubwari, baada ya siku tatu za mikutano. Kamera ilikuwa katika mfuko wa kitambaa, chini ya kiti cha boti. Mawimbi yalipoingia tuliokoa magunia na Biblia, na kamera tukaikuta imelala majini. Tulipofika ufukoni tukaiwasha ili tuone kama bado ni nzima. Ikawaka kidogo, ikazima, na haikuwaka tena. Kadi ya memori iliyokuwa ndani haikuharibika. Ila tulipoiweka kwenye ordinateri, mashini iliuliza kama tunataka kuifuta na kuiandaa upya, na mmoja wetu akakubali bila kusoma. Wiki iliyofuata tukapigia picha mpya juu ya kadi ileile.

Miezi miwili baadaye, mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa nasi katika mikutano ile aliitwa na Bwana. Mjane wake akaja kutuomba picha ya kuweka kwenye kilio. Alijua tulimpiga mumewe akiwa ameshika Biblia, kwa sababu alikuwa amesimama karibu. Hatukuwa nayo. Naye nyumbani hakuwa na nyingine.

Kila kosa katika habari hiyo lina dawa, na dawa nyingi si za bei kubwa. Tuzipitie kwa utaratibu.

Kuchagua kifaa

Swali la kwanza si kamera gani ni nzuri kuliko zote. Ni kifaa gani mtu wenu atakibeba kila siku, kwa pikipiki, kwa boti na kwa miguu, bila kuchoka na bila kukiacha nyumbani. Kamera kubwa inayobaki kabatini haipigi picha.

Simu nzuri inatosha kwa makanisa mengi. Inapiga vizuri mchana na inatuma picha siku ileile. Udhaifu wake ni mbali na giza. Ukivuta picha kwa vidole ili mhubiri aonekane karibu, katika simu nyingi unapanua tu picha ileile na inaharibika. Afadhali usogee mbele kwa heshima. Usiku, egemeza simu kwenye nguzo au mgongo wa kiti ili isitikisike.

Kamera ndogo ya mfukoni yenye lenzi inayotoka inasaidia pale unapohitaji kuvuta kitu cha mbali kwa kweli. Chagua ile inayochajiwa kwa waya wa USB kama simu, maana shajeri ya peke yake ikipotea huku kwetu, kuipata nyingine ni kazi.

Kamera ya kubadilisha lenzi hutoa picha bora hata ndani ya kanisa lenye giza. Lakini inahitaji mtu aliyefundishwa, na kila unapofungua lenzi njiani unakaribisha vumbi. Tunaishauri kwa ofisi yenye mtu wa kudumu wa kazi hiyo. Kwa safari mpe lenzi moja tu, isiyofunguliwa mpaka arudi.

Kamera isiyoingiza maji imetengenezwa kwa ajili ya watu wa maji kama sisi. Kwa mfano, Olympus Tough TG-6, iliyotoka mwaka 2019, inavumilia maji hadi kina cha mita 15. Simu nazo zina alama. Katika IP67, 6 maana yake vumbi haliingii, na 7 maana yake simu inavumilia kuzama katika maji ya mita 1 kwa dakika 30. Lakini alama hiyo ni ya simu mpya. Simu iliyoanguka, iliyopasuka kioo au iliyofunguliwa na fundi, ihesabuni kuwa inaingiza maji.

Mkinunua kifaa kilichotumika, iwe Uvira, Bujumbura au Kigoma, kijaribuni palepale. Piga picha ya mbingu nyeupe kisha uikuze: madoa yasiyohama mahali ni uchafu wa ndani. Elekeza lenzi kwenye mwanga na utazame ndani: nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hurudi hata ukisafisha. Fungua mlango wa bateri: kutu au unga wa kijani ni dalili kwamba maji yaliwahi kuingia.

Neno kwa kamati za fedha: mkiwa na dola 200, msinunue kifaa cha dola 200. Acheni sehemu kwa kadi mbili, bateri ya akiba na mfuko usioingiza maji. Kifaa cha bei ndogo chenye vitu hivyo kitawatumikia kuliko cha bei kubwa kisicho navyo.

Kadi za memori

Nunueni kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kadi ya GB 32 inabeba picha elfu kadhaa, na ikipotea moja, nyingine inabaki. Sokoni kuna kadi za uongo zilizoandikwa GB 128 huku ndani zina nafasi ndogo sana. Zinapokea picha zote bila kulalamika, kisha unapofungua za mwisho unakuta tupu. Kabla ya safari, jazeni kadi mpya kwa video mpaka mwisho, kisha mfungue ile ya mwisho. Kwenye ordinateri ya Windows, programu ya bure H2testw inafanya kipimo hicho.

Ordinateri ikiuliza kama ifute kadi, jibu ni hapana. Itoeni, msipige picha nyingine juu yake, mtafuteni anayejua. Programu ya bure PhotoRec mara nyingi hurudisha hata picha zilizofutwa hivyo, mradi hakuna kitu kipya kilichoandikwa juu yake. Sisi tulijifunza hilo tukiwa tumechelewa.

Moto wa umeme

Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, na unaua shajeri. Njia salama ni kutumia benki ya umeme kama mtu wa katikati: chajini benki kwenye jenereta ya kanisa au kwa mwenye sola, kisha benki ichaji kamera. Benki ya mAh 10,000 haijazi mara mbili simu ya mAh 5,000, kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani. Hesabuni mara moja na nusu.

Ukitumia paneli ya sola, paneli ikae juani na simu ikae kivulini. Joto ndilo adui mkubwa wa bateri. Bateri iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa, inaweza kushika moto. Kifaa kitakacholala kabatini miezi kadhaa, kiacheni na chaji ya nusu. Na anayepanda ndege abebe bateri za akiba na benki yake kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia chini.

Vumbi, maji na baridi

Wakati wa kiangazi, barabara ya Uvira hadi Baraka ni vumbi tupu. Kwenye pikipiki kamera isining'inie shingoni. Ikae ndani ya sashe ya plastiki iliyofungwa, ndani ya mkoba, mbele ya kifua chako. Mkifika, ondoeni vumbi kwanza kwa brashi laini au kwa mpira wa kupuliza hewa, ndipo mpanguse lenzi kwa kitambaa laini kikavu. Ukipangusa kwa shati lenye vumbi, unasugua kioo kwa mchanga. Wala usipulize kwa mdomo, maana mate yanaingia.

Kwenye boti, kifaa kiwe katika mfuko usioingiza maji au ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, na kifungwe kwa kamba kwenye boti au kwa mtu mwenye jaketi la kuokoa maisha. Ndoo iliyofungwa vizuri yenye hewa ndani inaelea. Mfuko wetu wa kitambaa haukuelea.

Kikiingia maji, usikiwashe. Hilo ndilo kosa lililoua kamera yetu, kwa sababu umeme ukipita palipo na maji, vitu vya ndani vinaungua. Zima, toa bateri kama inatoka, toa kadi, pangusa, acha milango yote wazi mahali penye hewa na kivuli kwa siku kadhaa. Usikianike juani wala juu ya mkaa. Na desturi ya kuzika simu ndani ya mchele haisaidii kuliko hewa ya wazi, tena unga wake unaingia kwenye matundu.

Mchele una kazi nyingine. Kaanga mchele bila mafuta mpaka uwe wa kahawia, uache upoe, uutie katika kifuko cha kitambaa kilichoshonwa, na ukiweke ndani ya ndoo ya kamera. Utavuta unyevu wa hewa na kuzuia kuvu wakati wa mvua. Ukaange tena baada ya wiki chache. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja katika maboksi ya viatu vinafanya kazi hiyohiyo, msivitupe.

Ndugu wanaoshuka kutoka nyanda za juu za Minembwe, kwenye zaidi ya mita 2,000, hadi joto la ziwa, wataona lenzi imejaa ukungu. Ni hewa ya joto inayogusa kioo baridi. Acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto polepole, ndipo ufungue.

Watu walio ndani ya picha

Kutunza kifaa ni nusu ya kazi. Katika eneo letu, picha moja inaweza kumletea mtu hatari. Msipige askari, kambi, vizuizi, madaraja wala bandari. Bebeni ordre de mission yenye muhuri, na mkifika mahali mwone kwanza chifu na viongozi wa usalama. Ombeni ruhusa kwa kila mtu, na kwa mtoto ombeni kwa mzazi wake. Kwa mama aliyetendewa ukatili, au familia iliyokimbia, pigeni mikono au mgongo tu, au msipige kabisa.

Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zimeni jambo hilo kwenye mipangilio ya kamera. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa na kuondoa habari hiyo, lakini ukituma kama dokumenti, picha inabaki kamili pamoja na mahali pake. Kwa kumbukumbu za ofisi hiyo ni faida, kwa watu waliojificha ni hatari.

Kanisa la Kiprotestanti katika nchi yetu lina historia na kamera. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, akiwa ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa katika utawala wa kulazimisha watu kuleta mpira. Picha hiyo na nyinginezo zilionyeshwa Uingereza na Marekani, zikaongeza nguvu ya kelele iliyomfanya Leopold II aachie Kongo mwaka 1908. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado tunajua baba yule aliitwa nani na binti yake aliitwa nani, kwa sababu kuna aliyeandika.

Basi andikeni. Jioni ileile, katika daftari: tarehe, mahali, majina, na nani alitoa ruhusa. Majina ya wanaohitaji kufichwa yabaki katika daftari la mchungaji, yasitoke. Yale mawe 12 ya Yordani, katika Yoshua sura ya 4, yaliwekwa ili watoto waulize na wazee wajibu. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 20 hakuna atakayeweza kuijibia.

Kisha fanyeni nakala mbili, na zikae nyumba mbili tofauti. Ziwa lilipopanda mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba nyingi za ufukoni. Fulashi moja kwa katibu, nyingine kwa mzee anayekaa juu, mbali na maji.

Kabla ya kutoka, hakikisheni:

– bateri zote na benki ya umeme zimejaa;
– kadi mbili zimepimwa, na picha za zamani zimeshanakiliwa;
– saa na tarehe ya kamera ni sahihi;
– sashe, ndoo yenye kifuniko, kamba na kitambaa laini vipo;
– ordre de mission, daftari na kalamu vipo;
– mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, ndiye anayewajibika kwa kifaa mpaka mrudi.

Na mkirudi, wapeni watu picha zao. Chapisheni hata moja kwa kila familia mliyoitembelea, angalau ya wazee. Mama yule hakutuuliza juu ya kamera. Aliuliza juu ya mume wake.

Bwana awalinde njiani.