Sangara na Mboga ya Kanda ya Ziwa

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya maofisa wa uvuvi wa kikoloni kuchoshwa na furu, samaki wadogo wenye miiba tele na wasioingiza fedha. Walitaka apandikizwe samaki mkubwa awale wale wadogo, kisha watu wamle yeye. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo. Hakusikilizwa.

Kwa takriban miaka 20 mambo yalionekana shwari. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sangara walifurika. Furu, waliokuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa vilindini, walipukutika. Katika aina 500 hivi, inakadiriwa kwamba 200 zilitoweka.

Msiba huo uliingia hadi jikoni. Furu alianikwa juani bila gharama, na mtungo wake aliumudu hata mwenye senti chache. Sangara ana mafuta mengi, jua peke yake halimkaushi. Lazima abanikwe kwa moto, na miti ya mwambao na visiwani ikageuka kuni. Ziwani nako, baadhi ya furu ndio waliokuwa wakila mwani. Walipotoweka, mwani ulizidi kustawi kwa mbolea na majitaka ya nchi kavu, na maji ya vilindini yakakosa oksijeni.

Vikaja viwanda vya minofu, Kisumu na Jinja, kisha Mwanza. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na uti wa mgongo vikabaki: Mwanza huitwa mapanki, Kisumu mgongo wazi, na mtaa wa Obunga ukajulikana kwa wanawake wanaovikaanga. Filamu ya mwongozaji Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilipoonyesha mapanki kwa walimwengu, Jakaya Kikwete, Rais wa Tanzania wakati huo, aliikemea hadharani mwaka 2006, na taifa likabishana kama hayo ni chakula cha watu. Ni chakula, tena kina nyama na mafuta yenye lishe. Lililostahili kuulizwa zaidi ni kwa nini aishiye ufukweni ashindwe kununua mnofu wa samaki anayevuliwa mlangoni pake.

Leo hata bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, lina soko China, na bei ya kilo ya mabondo makavu inaipita mbali ile ya kilo ya minofu.

Kwa uzito, dagaa sasa ndiye anayeongoza ziwani. Huliwa mzima, mifupa na yote, ndiyo maana ana madini mengi ya kalsiamu, na kwa kaya nyingi maskini ndiye samaki pekee wa kila wiki. Lakini kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, magunia yake hununuliwa pia na wasafirishaji wa kwenda Kongo na watengenezaji wa chakula cha kuku. Mama anayetafuta mboga ya watoto hushindana nao kwa bei, asubuhi ileile, kwenye dagaa walewale.