Mgeni wa Kilwa na habari za simba

Wadau, mgeni akipanga nyumba ya ufukweni pale Kilwa Masoko atasimuliwa Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, kisha atavushwa kwenda kuona magofu ya Kisiwani. Habari za simba wenyeji humficha, eti asije akaogopa. Mimi naona aambiwe.

Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao waliandika katika jarida la Nature kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi 308. Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Sasa tazama walikufaje. Nguruwe pori wanavamia shamba, mkulima analala kwenye dungu kulinda mazao, hasa Machi hadi Mei, na simba anamfuata nguruwe. (Dungu lenyewe miti na nyasi tu!) Wengine walikamatwa wakienda chooni usiku.

Mgeni analala kwenye nyumba ya tofali, choo kimo ndani. Mwambie asitembee usiku vichakani, basi. Na asiulizie simba kwa kicheko: anayemfulia shuka huenda alizika ndugu yake miaka ile.