Shahidi Asiyeapishwa

Siri ya ndoa haikuwa salama kamwe katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, wala haikuhitaji simu ili itoke. Lakini kutoka kwake kulikuwa na masharti. Sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani waliifuata, yataka mashahidi wanne walioiona zinaa kwa macho yao. Naye amsingiziaye mwanamke mwenye heshima pasipo mashahidi hao, adhabu yake ni mijeledi 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Ugumu huo uliwekwa kwa makusudi.

Hata hivyo, watu hawakunyamaza. Walijifunza kusema kwa fumbo. Mwanamke alinunua kanga kwa ajili ya maneno yake (na wauza kanga walilijua hilo vyema), akapita nayo mlangoni pa mwenziwe. Aliyechomwa aliweza kudai kwamba maneno yale hayakumhusu. Aliyechoma naye alijulikana, na kesho yake walikutana kisimani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na santuri zikaipeleka sauti ya Unguja mbali. Fumbo, hata hivyo, likifika ugenini huwa wimbo tu: msikilizaji hufurahia sauti, asijue nani amelengwa.

Kamera ya simu haina fumbo. Mwaka 2000 kampuni ya Sharp ilitoa huko Japani simu iliyoweza kupiga picha na kuituma papo hapo; mitandao ya kijamii iliyofuata ikaipa picha hiyo hadhira isiyo na mipaka. Nguvu ya vitu hivi viwili ilionekana Marekani tarehe 16 Julai 2025, katika uwanja wa Gillette, Foxborough, kundi la Coldplay lilipokuwa likiimba. Skrini kubwa ya uwanja iliwaonyesha mwanamume na mwanamke waliokumbatiana. Walipojiona wakaachana ghafula. Mmoja akaficha uso, mwingine akainama. Mwimbaji akatania kwamba ama wana mapenzi ya siri, ama wana haya mno. Mtazamaji mmoja aliyanasa hayo kwa simu, akayatia TikTok.

Lililoonekana lilikuwa kumbatio. Kadhi wa Lamu au Unguja angewarudisha nyumbani mashahidi wa namna hiyo, pengine kwa karipio. Lakini kwa siku chache tu, watu wasiowajua kabisa wawili wale walikwisha kutaja majina yao, kazi zao na jamaa zao, na wote wawili wakajiuzulu. Wenzi wao wa ndoa na watoto, ambao ndio hasa wenye madai, hawakuulizwa neno. Katika pilikapilika hizo alitajwa pia mwanamke mwingine, kwamba ndiye aliyesimama kando yao akicheka. Hakuwapo uwanjani. Kampuni alikofanya kazi ililazimika kutangaza hivyo. Waliomtaja walikuwa wengi mno na mbali mno kuweza kuitwa mbele ya yeyote.